Ruzuku ya Taka: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli?

Kaunti ikitangaza kwamba imepata ruzuku ya kujenga kituo cha kutenganisha na kurejeleza taka, maneno huanza kabla hata saruji haijamwagwa. Kwenye matatu mtu atasema pesa zishaliwa. Kwa kinyozi mwingine ataapa kwamba mtambo uko njiani na jaa litafungwa mwezi ujao. Siku ya kikao cha wadi, watu wanafika na hasira au na matumaini makubwa, na maswali yaliyofaa kuulizwa hayaulizwi. Nimekusanya hapa kauli ninazozisikia zaidi nchini Kenya kuhusu pesa hizi. Nyingine ni uongo mtupu, nyingine zina chembe ya ukweli, na moja ni kweli tupu, tena inauma.

“Taka ni kazi ya kaunti. Serikali kuu haihusiki.”

Sehemu ya kwanza ni kweli. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti uzoaji wa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu. Limeyaweka mambo hayo chini ya huduma za afya za kaunti, pamoja na vituo vya afya na ambulansi. Anayedhani taka ni suala la kupendezesha mji asome tena hapo.

Sehemu ya pili si kweli. Kifungu cha 202 cha Katiba hiyo hiyo kinairuhusu serikali kuu kuziongezea kaunti pesa kutoka fungu lake, kwa masharti au bila masharti. Huo ndio mlango uliotumiwa na mpango wa kusaidia miji unaojulikana kwa herufi zake, KUSP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 300 mwaka 2017. Miji 59 katika kaunti 45 iliingizwa. Nairobi na Mombasa ziliachwa nje. Ruzuku yake ya maendeleo iliweza kutumika kwa taka ngumu, kwa mitaro ya maji ya mvua, kwa barabara na njia za miguu, kwa taa za mitaani na kwa masoko.

Itazame orodha hiyo vizuri. Taka zimewekwa kwenye foleni moja na lami na taa. Barabara mpya kila mtu anaitaka ipite mlangoni kwake, na gavana anakata utepe wake mchana kweupe. Kituo cha taka hakuna mtaa unaokililia. Kwa hivyo pesa zinaweza kuwepo, zikaruhusiwa kisheria, na bado zisifike kwenye taka kwa sababu hakuna aliyezidai kwa ajili hiyo.

“Ruzuku ni pesa za bure za wafadhili.”

Si kweli. Kwa kaunti ni ruzuku, maana haitarudisha. Kwa nchi, zile dola milioni 300 zilikuwa mkopo. Hazina Kuu ilikopa, ikazigawa kwa kaunti, na mlipakodi ndiye anayelipa, akiwemo muuza mitumba wa Gikomba, Nairobi, ambaye mji wake haukupata hata senti ya mpango ule. Mtu akikuambia usihoji kwa kuwa ni za wafadhili, mwambie ni zako.

Tena zilikuja na masharti. Mji ulitakiwa uwe na hati ya manispaa, bodi iliyoteuliwa na mpango wa maendeleo ulioandikwa. Wako waliolalamika kwamba huo ni urasimu. Mimi naona yalikuwa masharti ya busara, kwa sababu kituo cha kurejeleza taka kinachojengwa kabla hajajulikana wa kukisimamia huwa mali ya kutu.

“Mtambo ukifika, tatizo limekwisha.”

Si kweli, na kati ya dhana zote hii ndiyo inayotugharimu zaidi.

Bajeti ya kaunti ina mifuko miwili. Upo wa maendeleo, ambao Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka usipungue asilimia 30 ya bajeti, na upo wa matumizi ya kawaida. Ruzuku ya miundombinu hujaza mfuko wa kwanza. Inajenga banda, inanunua mizani, meza ndefu za kuchambulia, mashine ya kufunga marobota na pengine lori. Hailipi mshahara wa wachambuzi, umeme wa mashine, dizeli ya lori wala kipuri kitakachovunjika mwaka wa pili. Hayo yote hutoka mfuko wa pili, ambako yanakutana na mishahara ya wauguzi na walimu wa chekechea. Nani atashinda hapo? Ndiyo maana ukiniuliza swali la kwanza la kuuliza kuhusu mradi wowote wa taka, sitakuambia uulize umegharimu kiasi gani. Uliza umeme wake utalipwa kutoka fungu gani baada ya mwaka wa kwanza.

Majibu huwa: kituo kitajilipia kwa kuuza plastiki na katoni. Mfuate basi kijana wa mkokoteni hadi kwa mnunuzi wake uone bei inavyopatikana. Mnunuzi hatazami gunia kwa juu. Anaingiza mkono hadi kwenye kwapa, anapapasa chini kabisa, kwa sababu huko ndiko unyevu unakojificha. Katoni iliyolowa mchuzi inawekwa kando, kwani nyuzi zake zimeshaharibika na kiwanda cha karatasi kitaikataa. Chupa zenye mafuta ya kupikia ndani zinatolewa moja moja. Chupa za maji zisizo na rangi zinakwenda upande wao, za rangi upande mwingine na bei ya chini. Gunia lililofika likionekana la kilo nyingi linalipwa kama gunia dogo. Sasa chukua taka za mji mzima zilizobanwa pamoja ndani ya lori moja, maganda ya viazi juu ya magazeti, nepi juu ya chupa, uzimwage mbele ya mashine mpya. Marobota yatakayotoka hapo hayana mnunuzi.

Hata zikiwa safi, bei ya plastiki iliyotumika inafuata bei ya plastiki mpya, na plastiki mpya inafuata mafuta ghafi. Mafuta yakishuka katika soko la dunia, kiwanda kinanunua mpya na kuziacha zako zirundikane. Hakuna gavana anayeweza kulizuia hilo. Mpango wa biashara wa kituo unaotegemea bei ya chupa ibaki ilivyokuwa siku ya kuandika ombi la ruzuku umejengwa mchangani.

Halafu kuna jambo ambalo makabrasha ya miradi hulipita haraka. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu vinavyooza. Kituo kilichobuniwa kwa ajili ya plastiki kinashughulikia sehemu ndogo na kuiacha ile kubwa iende jaani, itoe harufu, maji machafu na gesi ya methani.

Nenda soko la Kongowea, Mombasa, mchana wakati shughuli zimepungua. Utaona majani ya kabichi, maganda ya mahindi, mikungu ya ndizi, maembe yaliyopondeka, vichwa vya mananasi. Hakuna aliyetenganisha taka hizo, ila ziko safi kwa sababu zimezaliwa safi: muuza kabichi hutupa kabichi. Mahali kama hapo pahitaji sakafu ya saruji yenye mteremko, paa, maji, reki, uma za kugeuzia na kipimajoto kirefu cha kuchoma kwenye lundo. Lundo lililotengenezwa vizuri hupanda joto hadi kupita nyuzi 55 za Selsiasi, na joto hilo likidumu huua vijidudu na mbegu za magugu. Likinuka, limekosa hewa, ligeuzwe. Baada ya miezi michache ni mboji. Fundi wa kuagizwa kutoka nje hahitajiki, na hakuna kipuri cha kusubiri bandarini. Ningekuwa naandika ombi la ruzuku la kaunti yoyote yenye soko kubwa, shilingi ya kwanza ningeipeleka hapo.

Tena hili si la kubahatisha. Kampuni iliyoanza Nairobi kwa jina la Sanergy, na sasa inaitwa Regen Organics, imekuwa ikikusanya taka za vyooni na za vyakula na kuwalisha funza wa nzi askari mweusi, kisha funza wanakuwa chakula cha mifugo na masalia yanakuwa mbolea. Wakulima wanainunua. Palipo na mkulima anayelalamikia bei ya mbolea, taka za soko zina wateja wa karibu kuliko chupa.

Mtambo pia hauwafundishi watu kutenganisha taka. Marekani, katika sheria yake ya miundombinu ya 2021, ilitenga dola milioni 275 kwa miaka mitano kwa ruzuku za miundombinu ya taka na urejelezaji, na katika sheria hiyo hiyo ikaweka dola milioni 75 nyingine za kuwaelimisha wananchi kutenganisha. Nchi yenye mitambo mingi hivyo iliona mtambo peke yake hautoshi. Kwetu fungu la mafunzo ndilo la kwanza kukatwa.

“Hakuna haja ya kutenganisha. Gari likija linachanganya zote.”

Kweli. Hii ndiyo ile inayouma.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawataka wananchi watenganishe taka zinazooza na zisizooza, na inazitaka kaunti ziweke vituo vya kupokea na kuokoa malighafi. Sheria ni nzuri. Lakini mama aliyeweka ndoo mbili jikoni, akawagombeza watoto kwa kuchanganya, kisha akachungulia dirishani na kuona ndoo zote mbili zikimwagwa ndani ya lori moja, hatarudia. Ukimlaumu yeye unamwonea.

Suluhisho hapa ni la ratiba zaidi kuliko la teknolojia. Lori lile lile linaweza kupita Jumatatu na Alhamisi kwa taka zinazooza, na Jumamosi kwa kavu. Mkokoteni au tuktuk inatosha kwa mitaa ambayo lori haliingii. Ruzuku inayonunua uchukuzi uliotenganishwa kabla ya kununua mtambo itaonekana ndogo kwenye picha za magazeti, na itafanya kazi kubwa kuliko ile ya banda tupu.

“Kituo cha kisasa hakiwezi kufanya kazi na waokota taka.”

Si kweli, na naomba tuache kuwaita majina ya kuwadhalilisha.

Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2001 lilitangazwa kwamba limejaa. Taka hazikuacha kupelekwa huko, na chochote kilichookolewa katika mlima ule kiliokolewa na mikono ya watu wasio na glavu wala bima. Wanaijua plastiki kwa sauti yake ikikunjwa na kwa moshi wake ikiungua. Ujuzi huo ndio ambao kaunti inawalipa washauri wautafute.

Hata ukiweka utu pembeni, jambo ambalo halifai, hesabu inakataa kuwatenga. Chupa na vyuma vyenye bei huokotwa alfajiri, kabla lori halijafika. Ukijenga kituo chenye ua na mlinzi langoni, ukawafungia nje, wao watakutangulia mtaani kama kawaida, nawe utaletewa mabaki yasiyouzika. Makadirio ya mauzo yaliyoandikwa kwenye ombi la ruzuku yanakufa mwezi wa kwanza. Brazili ililielewa hili mapema: sheria yake ya 2007 iliziruhusu manispaa kuvipa vyama vya ushirika vya waokota taka kandarasi bila zabuni. Kwetu, sharti moja tu kwenye ruzuku, kwamba kituo kiendeshwe kwa mkataba na ushirika uliosajiliwa wa waokota taka wa eneo hilo, lingebadilisha maisha ya watu wengi.

“Tuchome taka tupate umeme, tumalize maneno.”

Tusikimbilie. Addis Ababa ilifungua mtambo wa Reppie mwaka 2018, uliogharimu takriban dola milioni 120, kando ya jaa la Koshe ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa limeporomoka na kuua zaidi ya watu 100. Nia ilikuwa njema. Lakini taka za miji yetu zina maji mengi kwa sababu ni mabaki ya vyakula, na moto lazima kwanza uyakaushe maji hayo ndipo utoe nguvu ya kuzungusha mashine. Mtambo wa aina hiyo pia unadai kulishwa kila siku kwa miaka mingi. Mji ukiufunga mkataba, unakuwa umejiwekea sababu ya kutopunguza taka.

Hata hivyo, hofu inayowasukuma watu kwenye wazo hili ni ya kweli. Agosti 2024 jaa la Kiteezi, karibu na Kampala, liliporomokea nyumba na kuua zaidi ya watu 30. Anayesema tuendelee kurundika tu hana jibu pia.

“Sasa kampuni zitalipa. Ruzuku haihitajiki.”

Kuna ukweli kidogo. Kanuni za 2024 zinazowabebesha wazalishaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao hadi zinapokuwa taka zimeshachapishwa, na wenye chupa za plastiki walishaanzisha shirika lao, PETCO, tangu 2018. Pesa hizo zifuatiliwe kwa makini. Ila mzalishaji wa chupa atalipia chupa. Majani ya kabichi hayana mzalishaji wa kuburutwa mbele ya mtu yeyote, nayo ndiyo mengi. Hapo pesa ya umma haiepukiki.

“Kupunguza taka ni mahubiri tu, hakuna cha kujenga.”

Si kweli. Ifikirie chupa ya soda ya kioo. Kwa miaka na miaka muuza duka wa kijijini amekuwa akikudai chupa tupu au amana kabla hujaondoka nayo, anaipanga kwenye kreti, lori la kampuni linaleta zilizojaa na kuondoka na tupu. Kreti, ghala, lori lenye safari ya kurudi na mashine ya kuosha: hiyo ni miundombinu ya kupunguza taka, imefika Garissa na Lodwar, na tumeizoea kiasi kwamba hatuioni. Plastiki ya kutupa ndiyo inayoisukuma nje. Ruzuku inaweza kulipia mfumo wa aina hiyo kwa vyombo vya chakula katika hospitali na shule za kaunti, au vituo vya kujazia maji ya kunywa kwenye stendi za matatu.

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 nayo haikuhitaji mtambo wowote. Si kwamba ilimaliza plastiki. Mifuko bado inapenyezwa mipakani. Lakini linganisha gharama yake na ya kuiokota ile mifuko kwenye mitaro na matumboni mwa mbuzi.

“Mambo haya yanaamuliwa juu. Mwananchi hana la kusema.”

Si kweli, na tarehe zinajulikana. Kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mradi usiotajwa humo ni vigumu sana kuupatia pesa mwaka unaofuata, hata ruzuku ikipatikana. Kufikia mwisho wa Februari inafuata taarifa ya sera ya fedha inayoweka viwango vya kila idara, na kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe ya bajeti. Katika hatua hizi sheria inataka wananchi washirikishwe. Watu wengi hujitokeza Mei au Juni, wakati wino umekauka.

Ukienda, usiridhike na mchoro wa jengo. Omba kuona kama ardhi ina hati kwa jina la kaunti, kwa sababu miradi mingi hukwama kwenye mizozo ya ardhi. Omba leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Uliza lori litapita siku zipi na kwa taka zipi, ni ushirika upi wa waokota taka umehusishwa, na lile fungu la umeme nililolitaja liko ukurasa gani wa makadirio. Baadaye tafuta taarifa za Mdhibiti wa Bajeti zinazotolewa kila robo mwaka. Humo kaunti yako ina sura yake, na utaona pesa zilizotengwa na zilizotumika kweli. Taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huja baadaye na husema wazi zaidi.

Wakikwambia kabrasha halipo, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamtaka afisa wa umma ajibu ombi la habari ndani ya siku 21, na asipojibu unalipeleka lalamiko lako kwa Tume ya Haki za Utawala. Andika kwa Kiswahili ukipenda. Ni lugha rasmi. Tia tarehe, baki na nakala iliyopigwa muhuri, na uanze kuhesabu.